Shauri la Mize Faki Kisiwani Shukamoja

Niliyoyasikia ndiyo nitakayoyasema, na nisiyoyasikia sitayatia chumvi, maana chumvi yenyewe ni ugomvi mkubwa huko ninakotaka kukupelekeni. Mwenye haraka na aondoke sasa. Anayebaki na akae vizuri, asije akanikatiza katikati kuuliza hili ni la kweli au la uongo. Mimi nilisimuliwa na mwenyewe Mize, nami sikumuuliza.

Mize Faki Kombo ni mkunga wa Wete, Pemba. Nusu ya mtaa wake imepita mikononi mwake ikitoka matumboni, na mpaka leo vijana wakimkuta njiani humpa shikamoo mbili, moja ya umri na moja ya kitovu. Watoto wa watu aliwapokea mia na ushei, lakini wa kwake alijaaliwa mmoja tu, Chumu. Naye Chumu, mwana asiyesikia la mkuu, akaolewa mbali, kisiwa cha Shukamoja, na kijana anayechimba mafuta katikati ya bahari, mwezi huu yupo nyumbani, mwezi ujao hayupo. Mimba ya kwanza iliharibika Chumu akiwa peke yake chumbani, hana hata wa kumpa maji. Ya pili ilipofika mwezi wa nane akaandika barua ya mstari mmoja: "Mama, njoo unishike mkono, naogopa."

Mize hakuisoma mara mbili. Alifunga mzigo wake, akaweka ndani kisu chake kidogo cha kukatia kitovu na kanga mpya ya kumpokelea mjukuu, akaondoka. Safari sitaisimulia. Safari zote ni kichefuchefu na kusubiri.

Kisiwa hicho kimeitwa Shukamoja kwa sababu wamelala humo watu wawili chini ya shuka moja. Kusini ni nchi ya Adabuni, kaskazini ni nchi ya Bayana. Mfalme wao mmoja, mvua yao moja, bendera zao zimeshonwa pamoja, na kila mmoja anaapa kwamba mwenziwe anamvutia shuka. Katikati umepita ukuta wa mawe, mfupi hata mbuzi wanauruka, ila binadamu hupita mlangoni. Na sheria yao ni kwamba mgeni yeyote, hata kama anakwenda Bayana, akae kwanza Adabuni siku arubaini afundishwe adabu.

"Arubaini!" Mize akashtuka mbele ya afisa wa bandarini. "Kwani nimefiwa? Au mimi ndiye niliyezaa?"

"Samahani sana," akasema afisa.

"Mwanangu yuko mwezi wa nane!"

"Samahani sana kwa hilo pia," akasema afisa, akagonga muhuri.

Akapelekwa nyumbani kwa Bibi Tafadhali, mjane mwenye nywele nyeupe na mapazia ya maua, ndiye mwalimu wake wa adabu, naye alikuja mwenyewe kumpokea bandarini. Na mshtuko wa kwanza aliupata njiani kabla hajafika. Alimkanyaga bwana mmoja kidole cha mguu, akamkanyaga hasa, kwa kisigino. Yule bwana akasema, "Samahani." Mize akasema, "La, mimi ndiye niliyekukanyaga, samahani wewe." Bwana akaomba samahani kwa kumfanya Mize aombe samahani. Mpaka Bibi Tafadhali alipomvuta mkono, bwana alikuwa bado amesimama pale, kidole kimevimba, anaomba. Kule mwenye kuomba samahani ya mwisho ndiye mshindi, na wapo jirani wawili walioanza asubuhi wakamaliza adhuhuri, kazi wameziacha.

Foleni nazo! Alikuta mtu mmoja, peke yake, amepanga foleni kwenye ukuta mtupu. Akamuuliza anasubiri nini. Akasema hajui bado. Mize aliporudi kutoka dukani, nyuma yake walikuwa tisa.

Wiki ya pili jirani wa mkabala alimwambia, "Lazima uje siku moja tunywe chai." Basi Mize, mtu wa watu, akaona ameheshimiwa. Kesho yake akapika mkate wa kumimina, akaufunika kwa kitambaa, akaenda akagonga mlango. Jirani alifungua, akamwona, akawa mweupe kuliko alivyoumbwa. Wakakaa, wanatazamana. Jioni Bibi Tafadhali alimketisha chini kwa huzuni.

"Mpenzi, uliambiwa siku moja. Uliambiwa siku gani?"

"Hakusema siku gani."

"Basi," akasema Bibi Tafadhali, "hiyo ndiyo siku yenyewe. Haipo."

Mize akashika kichwa. Si kwamba sisi hatuna karibu zetu za mdomoni. Tunazo. Lakini kwetu mtu akikwambia karibu na wewe ukakaa kweli, atakula kidogo naye atanyamaza. Hawezi kukutazama kama umekuja na jeneza.

Lakini kilichomtoa roho hasa ni moto. Asubuhi moja Bibi Tafadhali alikuwa bustanini, na Mize anafua nyuma ya nyumba. Pazia la jikoni likashika moto wa jiko. Jirani akauona kupitia dirishani kwake. Akavaa koti. Akavaa kofia. Akaja, akafungua lango la bustani, akalifunga nyuma yake, akasema, "Kumepambazuka vizuri leo."

"Vizuri sana," akasema Bibi Tafadhali, "ingawa jana palikuwa na kijibaridi."

"Kijibaridi kweli. Wanasema alasiri kutanyesha."

"Mimea itafurahi."

"Itafurahi. Samahani, sipendi kuingilia ya watu, lakini nadhani jiko lako lina moto kidogo."

Moto kidogo! Salaale! Mize alitokea nyuma na ndoo ya maji ya kufulia, akapiga kelele ya Kipemba ambayo Adabuni hawajapata kuisikia, akaingia, akamwaga, akakanyaga, akauzima. Alipotoka, masizi usoni, wale wawili wakamtazama kwa kushtuka. Hawakushtushwa na moto. Walishtushwa na kelele.

Mgeni akiwa na shida huiga. Chumu anahesabu siku, na anayefeli somo la adabu huanzishiwa arubaini nyingine. Kwa hiyo Mize akajifunza. Siku ya thelathini alikuwa anazungumza habari za mawingu kabla ya kuomba chumvi. Siku ya arubaini alijigonga kwenye mlango, akauomba samahani mlango. Bibi Tafadhali akapangusa machozi, akampa cheti.

Akapanda kaskazini. Mlangoni mwa ukuta alikuta watu wa Bayana wamejaa, siku ya soko. Wanaume wamevaa shuka za miraba kiunoni. Hilo halikumshtua, babu zake wote waliishi na kufa ndani ya vikoi. Alishtushwa na sauti zao. "We zee lililokauka, bado hujafa?" alisema mmoja, na mwenziwe akamjibu, "Nakusubiri wewe utangulie, sura mbaya!" kisha wakakumbatiana kama ndugu waliopoteana.

Mlinda mlango alikuwa jitu linaloitwa Jiwe. Mize, na adabu zake zote mpya, akatabasamu, akasifu mawingu, akaomba samahani kwa kuchelewa, kisha akasema kwa moyo mweupe, "Nimefurahi kufika Adabuni ya juu."

Soko zima likamgeukia. Mwanamke mmoja aliangusha kapu la mayai. Mtoto akaanza kulia, na mamaye akamziba masikio.

Sasa nyie mnaonisikiliza msimcheke. Wete nzima, tangu enzi za mabibi, kisiwa chote cha Shukamoja tunakiita Adabuni, na wote wa huko, wa juu na wa chini, tunawaita Waadabuni. Nani alitwambia kuna tofauti? Wote wekundu, wote wanalalamikia mvua. Mize alidhani ametoa salamu, kumbe ametukana kaburi la kila babu wa Bayana.

"Ashitakiwe," akasema Jiwe, kwa sauti ndogo, kama mtu aliyechomwa.

Akawekwa katika nyumba iliyoshikana na mlango wa ukuta, kwa mama mmoja mkali aitwaye Bibi Ndimu, angoje baraza. Kizingitini wakafunga utepe mwekundu. Akiuvuka kabla ya hukumu, anarudishwa Wete siku ile ile. Na kutoka dirishani, hebu nisikilizeni vizuri, alikuwa anaiona nyumba ya Chumu. Ile pale, ng'ambo ya bonde, bomba la moshi linafuka. Mwendo wa kumaliza kutafuna kipande cha muwa.

"Hukumu zenu huwa ngapi?" akauliza.

"Tatu," akasema Bibi Ndimu. "Wa Kwetu, unaingia. Si wa Kwetu, unarudi ulikotoka. Na Haijathibitika."

"Haijathibitika ndiyo nini?"

Bibi Ndimu akamwonesha kwa kidole mzee mmoja aliyekaa kwenye kibaraza cha mlango, anachonga kijiti. "Yule Mzee Bado. Alikuja kwenye harusi ya mdogo wake. Baraza likaona si wa kwetu kabisa, wala si kwamba si wa kwetu. Mwaka wa thelathini na moja huu."

"Na harusi?"

"Bibi harusi ana wajukuu."

Mize akakaa chini.

Kwa Bibi Ndimu kulikuwa na uji wa chumvi asubuhi, mchana na jioni. Mize alipotoa sukari kwenye mzigo wake, Bibi Ndimu aliruka kama ameona nyoka. Sukari ni uji wa Adabuni! Wapo waliouana kwa hilo! "Na uso wako huo," akaongeza, "umenuna kama kiatu kilicholowa. Mikono minene, huwezi kumkamua hata mbuzi. Sijui mwanao uzuri aliutoa kwa nani."

Mize alilia usiku huo kwenye mto. Siku arubaini watu walimpaka asali, leo anatiwa shubiri. Lakini asubuhi akamwona yule yule Bibi Ndimu anashuka bondeni na sufuria ya uji chini ya koti, mvua inampiga, na alasiri akarudi.

"Nimemwona huyo bintiyo, mumewe yuko baharini. Mnene kama gunia. Miguu imevimba, nikamkanda. Anauliza uko wapi."

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia mamaye mpumbavu, ana domo. Akacheka. Kula."

Ikawa hivyo kila siku. Mize akawa anamtazama yule mama na asijue amshike mkono au ampige. "Watu gani hawa?" akawa anajisemea dirishani. "Wanagombea uji! Wanagombea jina! Nyani haoni kundule."

Siku ya baraza, alfajiri, Bibi Ndimu alirudi mbio, amesahau hata kutukana. "Chupa imepasuka," akasema. "Uchungu umeanza, lakini bado una mwendo. Nimemwachia mtoto wa jirani amshike. Anakutaka wewe tu."

Mize alitazama utepe. Utepe wa kitambaa, ungekatika kwa kidole. Akatazama moshi wa ng'ambo. Akasema, "Niombee waanze na mimi."

Wakaanza naye. Ukumbi wa baraza, uliokuwa ndani ya nyumba ile ile, ulijaa, hata Jiwe aliacha mlango wazi akaja kusikiliza. Jaji Mizani alikuwa mzee mwembamba, macho ya huzuni, naye alitaka kwanza kusikia shahidi kutoka kusini. Na nani akasimama? Bibi Tafadhali, amekuja mwenyewe, na kofia yake ya maua.

"Bibi Mize ni mtu wa kipekee," akasema. "Tulifurahi sana kuwa naye. Kwa kweli lazima aje tena siku moja."

Ukumbi mzima ukaguna. Mtu mmoja nyuma akasema, "Masikini!"

"Mbona wananihurumia?" Mize akamnong'oneza Bibi Ndimu. "Si amenisifu?"

"Amekumaliza. Kofia hiyo aliyovaa ni ya mazishi."

Lakini Mize alimwona Bibi Tafadhali anamtazama, mwanamke aliyepanda nchi nzima kuja kusema neno na asilijue lingine. Kisha akasimama Bibi Ndimu.

"Huyu king'ang'anizi," akasema. "Anakoroma. Uji anautia sukari kama mtoto anayeota meno. Analia ovyo. Mkimrudisha, navunja madirisha ya baraza hili moja moja, na wewe Mizani nakuanza na la chumbani kwako."

Ukumbi ukatikisa vichwa kwa heshima. Jaji akaandika. "Mama," akasema, "uliiita nchi yetu Adabuni. Una la kusema?"

"Samahani," akasema Mize. "Samahani sana. Lakini ni jina tu, bwana mkubwa. Jina lina nini? Mfalme wenu mmoja, lugha yenu moja, mvua yenu moja. Mnanishika kwa jina, na mwanangu anazaa pale! Nakuombeni, tofauti iko wapi?"

Jaji akapumua kwa huzuni, akachovya kalamu. Wote waliona mkono wake unaelekea kwenye neno refu, lile la tatu. Mzee Bado, kule kibarazani, akasogea kumpisha nafasi.

"Karani," akasema Jaji, "soma jina lake kwa ajili ya daftari."

Karani akasoma: "Mize Faki Kombo. Mwanamke. Mkunga. Muunguja."

"Nani?" akasema Mize.

"Muunguja," akarudia karani. "Si ndio? Visiwa vile. Wote ni Waunguja."

"Ebo! Muunguja mama yako!" Sauti ikatoka ile ya siku ya moto, na zaidi. Arubaini ya adabu ikamwanguka kama ushungi. "Muunguja nani? Mimi? Mimi Mpemba! Mpemba wa Wete, baba Mpemba, babu Mpemba, kitovu changu kimezikwa Pemba chini ya mkarafuu! Kila nikienda, Muunguja, Muunguja, kama vile Pemba imezama! Futa! Futa hilo neno mbele yangu, nikuone unafuta!"

Ukumbi ukasimama. Jaji Mizani alisimama wa kwanza, na machozi yalikuwa yanamtoka wazi, wala hakuyafuta.

"Yatosha, mama," akasema. "Umethibitika. Wa Kwetu! Kateni utepe."

Watu wakapiga makofi, kofia zikaruka. Bibi Ndimu akamshika Mize mkono. "Twende sasa. Twende mbio."

Na hapa ndipo ninapotaka kumpiga kofi Mize mwenyewe. Aliuvuta mkono wake. "Ngoja kwanza," akasema. "Bado hawajaelewa."

"Wameelewa! Mwanao!"

"Dakika moja tu."

"Tueleze," wakasema wa mbele. "Tofauti ni zipi?" Hawajapata kuuliza kwa hamu kama ile. Na Mize, ambaye maisha yake yote hakuna aliyemuuliza, akapanda kwenye benchi. Akaeleza karafuu. Akaeleza mchezo wa ng'ombe. Akaeleza kwamba Muunguja hukwambia karibu huku anatafuna, na Mpemba akikwambia karibu amekwisha kukunawisha. Jaji akauliza, lugha je, mbili? Moja, akasema Mize, lakini hailingani hata kidogo, na akaonesha, na wakaguna, naam, hata wao wanaisikia tofauti. Serikali? Moja, lakini! "Lakini!" ukumbi ukaitikia. Umbali? Boti ikiondoka asubuhi, adhuhuri umefika, lakini! "Lakini!" Pweza wetu na pweza wao. Harusi yetu na harusi yao. Kila akitaja jambo wanapiga miguu chini, na kila wakipiga yeye anakumbuka jingine. Alisema mpaka jua lililokuwa dirisha la kwanza likafika la tatu. Alipoishiwa sauti walimbeba juu juu, na hapo juu ndipo alipotazama chini kuwatafuta mashahidi wake wawili.

Viti vyao vilikuwa vitupu.

"Niteremsheni!" akapiga kelele. Akashuka bonde lile mbio, mtu mzima, kiatu kimoja kimebaki matopeni. Kisu na kanga amevishika kifuani.

Mlango ulikuwa wazi. Jikoni, Bibi Ndimu na Bibi Tafadhali walikuwa wameinamia sufuria moja ya uji wa mzazi, mikono ya wote wawili imerowa mpaka kwenye viwiko. "Samahani, nadhani sukari kidogo ingemfaa," anasema mmoja. "Ukitia hicho kijiko nakikunja," anasema mwingine. Walipomwona wakampisha njia.

Chumbani Chumu alikuwa amelala, nywele zimemganda kwenye paji la uso. Kifuani pake alikuwa na mtoto wa kike, mzima, amefungwa kwenye kitambaa cha meza cha Bibi Ndimu. Kitovu kimekwisha kukatwa. Kimefungwa utepe wa kofia, wa maua.

Mize akapiga magoti, mkono ukamtangulia. Chumu hakuushika.

"Nilikuita," akasema Chumu. "Nilikuita mpaka sauti ikakauka. Waliniambia umekwisha achiwa, unakuja. Mama, ulikuwa wapi?"

Mize alifungua kinywa. Maneno yote aliyokuwa nayo kwenye benchi aliyatafuta, asipate hata moja isipokuwa lile la kweli.

"Nilikuwa nawaeleza," akasema, "kwamba mimi si Muunguja."

 Chumu akageukia upande wa ukutani, akampa mwanawe ziwa.